Mtandao wa waelimishaji wa mazingira unaoongozwa na wajitolea: unafanyaje kazi, na unaweza kuanzaje Musaga?

Ukiishi Musaga, mvua ya usiku mmoja inatosha kukuonyesha kwa nini tumeandika makala haya. Maji yanashuka kutoka milima ya Mumirwa yakiwa yamebeba udongo. Yanakuta mifereji imezibwa na chupa na sasheti, kisha yanajitafutia njia: uani kwako, jikoni kwa jirani, au ukingoni mwa korongo ambalo kila msimu linakula kipande kingine cha ardhi. Mito ya Muha na Kanyosha inapita kusini mwa Bujumbura kuelekea ziwani, na kila kinachotupwa huku juu kinaishia katika Ziwa Tanganyika.

Wakimbizi wengi wanaoishi mjini, pamoja na wenyeji wanaowapangishia nyumba, wanalijua tatizo hili vizuri. Katika kartiye yako huenda kuna mwalimu anayewafundisha watoto kupanda miti, mama anayewaonyesha wenzake namna ya kutumia makaa kidogo kwenye mbabula, au kijana anayekusanya chupa. Tatizo ni kwamba kila mmoja anafanya peke yake. Mwalimu akihamishwa, somo linakwisha. Kijana akipata safari, chupa zinarudi mtaroni.

Makala haya yanaeleza namna watu wa aina hiyo wanavyoweza kuungana katika mtandao usio wa kutafuta faida unaoongozwa na wajitolea wenyewe. Utasoma mtandao ni nini, wengine Afrika wamefanyaje, nani anafanya kazi gani, pesa zinatunzwaje, sheria inasemaje, na wewe unaweza kuanzia wapi.

Mtandao wa waelimishaji ni nini?

Mwelimishaji wa mazingira si lazima awe mwalimu wa shule. Ni mtu yeyote anayewasaidia wengine kuelewa uhusiano kati ya maisha yao na ardhi, maji, hewa, miti na wanyama, kisha wakachukua hatua. Anaweza kuwa mhudumu wa afya wa jamii, kiongozi wa kwaya, fundi wa majiko, mkulima au mwanafunzi.

Mtandao ni makubaliano kati ya watu hao. Kila mmoja anaendelea na kazi yake mahali pake, lakini wanakutana kwa ratiba, wanapeana masomo yaliyofaulu, wanakopeshana vifaa, na wanazungumza kwa sauti moja mbele ya viongozi wa mtaa na mashirika. Ukiwa na chama cha kupanda miti, unahesabu miti. Ukiwa na mtandao wa waelimishaji, unahesabu watu wanaoweza kuwafundisha wengine.

Jambo hili si geni kwetu. Warundi wana ikibiri, desturi ya majirani kulimiana shamba kwa zamu. Wakongomani wanakumbuka salongo, na akina mama wengi wanaweka akiba kwa likelemba. Hapa Burundi kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, ibikorwa rusangi, zinajulikana na kila mtu. Mtandao wa waelimishaji unasimama juu ya wazo hilohilo la zamu na kuaminiana. Tofauti yake ni kwamba kinachozungushwa ni ujuzi.

Wengine wamefanyaje?

Huhitaji kuanza bila mfano. Afrika ina historia ndefu ya kazi hii, na mingi ya mitandao yake ilianza kwa watu wachache wasio na mshahara.

Kenya, 1968. Wanafunzi wa sekondari walianzisha vilabu vilivyokuja kuwa Wildlife Clubs of Kenya. Kila klabu ya shule ina mwalimu mlezi ambaye anaifanya kazi hiyo juu ya vipindi vyake vya kawaida. Nguvu ya mpango huo iko kwa walezi: wanafunzi wanamaliza shule na kuondoka, mlezi anabaki na kuwapokea wapya.

Kenya, 1977. Wangari Maathai alianzisha harakati ya Green Belt Movement akishirikiana na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Wakati huo baadhi ya maofisa wa misitu walitilia shaka kama wanawake wa vijijini, wasio na diploma, wangeweza kukuza miche. Wanawake walijaribu kwa mbegu za miti ya kwao, wakafundishana kikundi kwa kikundi, na miti ikashika. Walipewa malipo madogo kwa mche uliopona, si kwa mche uliopandwa tu. Harakati hiyo imepanda zaidi ya miti milioni 50, na mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kusini mwa Afrika, 1982. Chama cha elimu ya mazingira cha kanda hiyo, kinachojulikana kwa kifupi EEASA, kiliundwa ili kuwaunganisha waelimishaji wa nchi mbalimbali. Kinaongozwa na baraza linalochaguliwa na wanachama, na wajumbe wake ni watu wenye kazi zao kwingine. Chama hicho kinaandaa mikutano inayohama kutoka nchi hadi nchi na kutoa jarida la kitaaluma. Kimeendelea kwa miaka zaidi ya 40 kwa sababu uongozi unabadilishwa kwa kura, na anayetoka anamkabidhi anayeingia.

Tanzania, 1991. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikutana nyumbani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari waliotaka kufanya jambo kuhusu matatizo waliyoyaona mitaani mwao. Kutoka hapo ukaanza mpango wa Roots & Shoots, ambao leo uko katika nchi zaidi ya 60. Kila kikundi kinachagua chenyewe kazi tatu: moja kwa ajili ya watu, moja kwa ajili ya wanyama, moja kwa ajili ya mazingira. Vikundi hivyo vilianzishwa pia katika kambi ya Lugufu mkoani Kigoma, iliyokuwa ikiwahifadhi wakimbizi kutoka Kongo.

Hadithi ya taasisi ya Goodall inagusa hata Bujumbura. Taasisi hiyo iliwahi kuwa na kituo cha sokwe yatima katika jiji hili. Usalama ulipoharibika mwanzoni mwa miaka ya 1990, sokwe hao walihamishiwa Sweetwaters, Kenya, ambako hifadhi yao ilifunguliwa mwaka 1993. Kituo chenye kuta kinaweza kufungwa kwa siku moja. Ujuzi uliogawanywa kwa watu wengi ni vigumu kuufunga, na sisi tunaofanya kazi na watu waliohama tunalijua hilo kuliko wengi.

Kwa nini wajitolea, na si ofisi yenye wafanyakazi?

Sababu ya kwanza ni kwamba miradi ya mashirika ina mwisho. Mradi wa mwaka mmoja ukikwisha, ofisa anahama na gari linaondoka. Watu wa mtaani wanabaki. Mtandao unaoongozwa nao hauhesabu siku kwa bajeti ya mfadhili.

Sababu ya pili ni lugha na kuaminika. Musaga watu wanazungumza Kirundi, Kiswahili, Kifaransa, Kinyamulenge, Kibembe, Kifuliiru na lugha nyingine. Mama akifundishwa na jirani anayejua bei ya makaa ya leo, anasikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Sababu ya tatu ni amani ya mtaa. Mfereji uliozibwa hauulizi nani ni mkimbizi na nani ni mwenyeji. Watu wanapousafisha pamoja, wanajuana kwa majina. Kwa hiyo mtandao wa mazingira Musaga ukiwa wa wakimbizi peke yao utakuwa umepoteza nusu ya faida yake. Uwe wa wote tangu siku ya kwanza.

Lakini tuseme ukweli: kujitolea kuna gharama. Mtu anayetumia Jumamosi yake kufundisha hachuuzi siku hiyo. Mwanamke aliyekwisha beba maji, watoto na jiko anaweza kuongezewa mzigo wa nne bila mtu kumuuliza. Mtandao mzuri unalipangia jambo hili: kazi fupi, zamu zinazojulikana, na ruhusa ya kupumzika bila lawama.

Nani anafanya nini?

Mitandao midogo inaweza kuongozwa na watu watano hadi saba. Nafasi hizi ndizo zinazohitajika zaidi:

1. Mratibu. Anaitisha mikutano na kuhakikisha kila kazi ina mwenyewe. Hafanyi kazi zote. Mratibu anayefanya kila kitu anauandaa mtandao kufa siku atakapoondoka.

2. Katibu. Anaandika maamuzi katika daftari moja lenye namba za kurasa: tarehe, waliohudhuria, kilichoamuliwa, nani atakifanya, lini.

3. Mweka hazina. Anatunza fedha na risiti, lakini hatoi pesa peke yake.

4. Mtunza masomo. Anakusanya masomo yaliyojaribiwa: vifaa vilivyotumika, maswali yaliyoulizwa, makosa ya kuepuka. Nafasi hii mara nyingi husahaulika, ingawa ndiyo inayoufanya mtandao wa waelimishaji uwe tofauti na chama kingine.

5. Mlezi wa wapya. Anampokea mwanachama mpya, anakwenda naye katika somo la kwanza na la pili, kisha anamwachia la tatu.

6. Msemaji kwa viongozi. Anawasiliana na nyumbakumi, shefu wa kartiye, shule na mashirika.

7. Mjumbe wa ulinzi. Anapokea malalamiko, hasa yanayohusu usalama wa watoto na wanawake. Ni vizuri awepo mwanamke katika nafasi hii.

Weka muda wa uongozi tangu mwanzo, kwa mfano miaka miwili, na usiwabadilishe wote kwa mkupuo mmoja. Nusu wakitoka mwaka huu na nusu mwaka ujao, daima atakuwepo mtu anayekumbuka. Kila nafasi iwe na msaidizi. Kwa wakimbizi kanuni hii ni ya lazima. Mratibu wako anaweza kuitwa kwa safari ya nchi ya tatu, kuamua kurejea nyumbani kwa hiari, au kuhamia kambi ya Bwagiriza, Musasa, Gasorwe, Kavumu au Nyankanda. Kama kila kitu kimo kichwani na kwenye simu yake, kinaondoka naye.

Ndiyo maana tunashauri "daftari la makabidhiano". Kila kiongozi anaandika ukurasa mmoja: kazi zangu, watu ninaowasiliana nao, ahadi zilizobaki, mahali vifaa vilipo. Akiondoka ghafla, mwenzake anaanza na ukurasa huo.

Somo zuri la mazingira linafananaje?

Mwaka 1977 UNESCO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira walifanya mkutano mkubwa wa elimu ya mazingira katika mji wa Tbilisi, Georgia. Mkutano huo ulitaja malengo matano ambayo waelimishaji wanayatumia hadi leo: kuamka na kuliona tatizo, kupata maarifa, kujenga mtazamo, kupata stadi, na kushiriki. Tuyapime kwa mfereji wa mtaani.

Kuona: wapeleke watoto watembee kando ya mfereji, wahesabu vitu vilivyouziba. Usiwaambie jibu.

Maarifa: waeleze maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, ni la pili kwa kina duniani, na linagawanywa na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mtoto kutoka Uvira na mtoto wa Musaga wananawa uso kwa maji ya ziwa moja.

Mtazamo: waulize nani anaumia mfereji ukiziba. Mara nyingi ni bibi anayekaa nyumba ya chini, wala si yule aliyetupa sasheti huko juu.

Stadi: wafundishe kutenganisha taka. Katika miji mingi ya Afrika zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, majani ya muhogo, mabaki ya ugali. Hivyo vinaweza kuwa mbolea ya bustani ya gunia. Kinachobaki ni kidogo na ni rahisi kukitunza.

Kushiriki: chagueni pamoja hatua moja, kwa mfano kusafisha mita 50 za mfereji kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na muwaambie viongozi wa kartiye.

Somo likiishia kwenye maarifa, watoto watajibu mtihani vizuri na mfereji utabaki umeziba.

Kwa watu wazima, anza na kitu kinachogusa mfuko. Nchini Burundi zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanapika kwa kuni au makaa. Chukueni masufuria mawili na maharagwe ya kipimo kimoja. Ya kwanza yaloweke usiku kucha, ya pili yasiloweke. Pikeni kwenye mbabula mbili zinazofanana, kwa makaa ya kipimo kimoja, mfuniko ukiwa juu. Akina mama wenyewe watazame saa na wapime makaa yaliyobaki. Baada ya hapo mazungumzo kuhusu miti ya Kibira hayahitaji hotuba ndefu.

Suala la plastiki nalo lina mlango wake. Mwaka 2018 Burundi ilitoa amri ya rais ya kupiga marufuku mifuko na vifungashio vingi vya plastiki, ikatoa muda wa miezi 18 wa kujiandaa, na katazo likaanza kutumika mwaka 2020. Wapo wanaoijua amri hiyo na wapo wasioijua. Mwelimishaji anaweza kuieleza bila kumtisha mtu, na kuonyesha mbadala: kikapu, mfuko wa kitambaa, majani ya migomba.

Pesa: kidogo, lakini wazi

Mtandao wa wajitolea hauhitaji pesa nyingi ili kuanza. Gharama za kawaida ni nakala za karatasi, salio la simu, mbegu, makoleo machache na nauli. Uhaba wa mafuta ya gari umeifanya nauli kuwa tatizo kubwa jijini, kwa hiyo chagueni mahali pa kukutana ambapo wengi wanafika kwa miguu. Ukumbi wa kanisa, msikiti au darasa la shule mwishoni mwa wiki mara nyingi hupatikana bure ukiomba kwa heshima na kuuacha safi.

Kanuni nne zinazuia ugomvi mwingi:

– Mchango wa mwanachama uwe mdogo, na asiyeweza kutoa pesa atoe kazi au kifaa.

– Fedha zitolewe kwa idhini ya watu wawili, hata kama ni kidogo.

– Zikipitia Lumicash au huduma nyingine ya simu, namba iwe imekubaliwa na kikao, na taarifa ya kila muamala isomwe mbele ya wanachama.

– Kila miezi mitatu mweka hazina asome hesabu kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Tofautisha pia mambo mawili: kurudishiwa gharama na kulipwa. Mjitolea aliyetumia nauli yake anastahili kurudishiwa. Hilo si mshahara, na lisigeuzwe kuwa mshahara wa siri wa wachache. Shirika likitoa posho ya semina, orodha ya wanaokwenda iamuliwe na kikao, kwa zamu. Semina inayokwenda kwa watu walewale imevunja vikundi vingi kuliko njaa ya pesa yenyewe.

Sheria inasemaje?

Mkimbizi ana haki ya kujiunga na vyama. Kifungu cha 15 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinazitaka nchi ziwape wakimbizi waliopo kihalali, katika vyama visivyo vya kisiasa na visivyo vya kutafuta faida, hadhi bora inayotolewa kwa raia wa nchi nyingine. Burundi ilijiunga na Mkataba huo mwaka 1963, na ina sheria yake ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi ya mwaka 2008.

Zingatia maneno hayo: "visivyo vya kisiasa". Mtandao wa mazingira ubaki kwenye mazingira. Mikutano yake isitumiwe kwa kampeni za chama chochote, cha huku au cha nyumbani.

Kikundi kidogo cha majirani kinaweza kuanza kwa kujitambulisha kwa nyumbakumi na shefu wa kartiye. Kikikua na kutaka kupokea ufadhili kwa jina lake au kufungua akaunti ya benki, kinahitaji kuandikishwa kama ASBL chini ya sheria ya mwaka 2017 ya vyama visivyo vya kutafuta faida. Maombi yanashughulikiwa na wizara yenye dhamana ya mambo ya ndani. Kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda ONPRA, ofisi ya taifa inayoshughulikia wakimbizi, uulize masharti yanayokuhusu. Njia nyingine ni kujiunga na chama cha Kirundi ambacho tayari kimeandikishwa. Chama cha Association Burundaise pour la Protection de la Nature, kwa mfano, kimekuwa kikifanya kazi ya uhifadhi nchini kwa miaka mingi.

Usipande kitu kando ya mto au korongo bila ruhusa. Wasiliana na komini na OBPE, ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira. Watakuambia pia mimea inayofaa: mianzi, vetiva na matete hushika udongo vizuri, na mti usiofaa mahali pabaya unaweza kuanguka na ukingo mzima.

Usalama kwanza

Kazi hii inahusisha watoto, kwa hiyo mtandao uwe na kanuni za maadili zilizoandikwa na kusainiwa na kila mjitolea. Kundi la watoto liwe na watu wazima wawili au zaidi wakati wote. Hakuna kutembea na watoto karibu na korongo au mto wakati wa mvua. Hakuna kugusa sindano, betri au vioo wakati wa usafi. Tumia glavu na majembe. Picha ya mtoto haipigwi wala kutumwa bila idhini ya mzazi, na kwa familia za wakimbizi picha inaweza kuwa hatari kweli.

Hakuna mjitolea anayeruhusiwa kuomba pesa, zawadi au uhusiano wa kimapenzi ili kumwandikisha mtu au kumpa huduma. Likitokea, lipelekwe kwa mjumbe wa ulinzi au kwa shirika lolote la misaada lililo karibu. Malalamiko yako yatahifadhiwa kwa siri.

Maswali ambayo huenda unajiuliza

Je, kujitolea kutanisaidia kupata safari ya nchi ya tatu? Hapana. Uhamisho huo unaangalia mahitaji ya ulinzi ya mtu, na ni bure. Anayekuambia vinginevyo anakudanganya.

Sijasoma sana. Naweza kuwa mwelimishaji? Ndiyo. Wanawake wa Green Belt walifundishana kwa kuonyeshana. Unachohitaji ni kujua jambo moja vizuri na kuwa tayari kulionyesha.

Je, nitapata cheti? Mtandao unaweza kukuandikia barua inayoeleza ulichofanya na kwa muda gani. Barua ya kweli yenye tarehe na majukumu inaweza kukusaidia unapotafuta kazi au kuanza maisha mahali pengine.

Mtandao ukibaki na watu watatu, je? Watatu wanaokutana kila mwezi ni bora kuliko 60 wa orodha. Punguzeni kazi, msifute ratiba.

Anza hivi, kwa miezi mitatu

Mwezi wa kwanza, tafuta watu watano wanaofundisha kitu chochote cha mazingira katika kartiye yako. Angalau wawili wawe wenyeji, na angalau wawili wawe wanawake. Kutaneni saa moja na nusu, kila mmoja aeleze anachofanya. Mwambieni nyumbakumi kabla ya kukutana.

Mwezi wa pili, kila mmoja aonyeshe somo lake mbele ya wenzake, na mtunza masomo aandike. Chagueni moja ambalo wote mtalifundisha.

Mwezi wa tatu, fundisheni somo hilo mahali patano tofauti, kisha mrudi kulinganisha. Lipi lilieleweka? Wapi watu walichoka? Baada ya hapo ndipo mchague viongozi, kwa sababu sasa mnajua nani anafika kwa wakati na nani anatimiza alichoahidi.

Kama mnapanga kuotesha miche, kumbukeni kwamba kitalu huanzishwa miezi kadhaa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, na tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ni nafasi nzuri za kualika shule na viongozi waone mlichofanya.

Mvua zijazo zitakuja kwa wakati wake. Ukiwa mwalimu, fundi, mama wa likelemba au kijana mwenye Jumamosi moja kwa mwezi, zungumza wiki hii na jirani mmoja anayefanya kazi kama yako, na mpange siku ya kukutana.

Kumbuka: huduma zote za mashirika ya misaada ni bure. Usimlipe mtu yeyote ili uandikishwe, upewe mafunzo au ujumuishwe katika kikundi.